Bima ya nyumba: ukate ya kiasi gani?

Watu wengi wakienda kukata bima ya nyumba wanauliza kitu kimoja tu, kwa mwaka nalipa ngapi, wakishajibiwa wanasaini na karatasi inaingia kabatini. Kile kiwango cha bima, yani ile namba ambayo kampuni haitoivuka hata nyumba yote iwe majivu, mara nyingi hawajakichagua wao. Kimechaguliwa na benki iliyowakopesha, au na wakala aliyejaza fomu haraka haraka, au kimenakiliwa tu kutoka kwenye bei waliyonunulia. Na hiyo ndo namba yenye kazi yote. Premiamu, yani ile hela unayoilipa kampuni ya bima, unaiona kila mwaka ndo maana inauma kila mwaka, kiwango hukioni mpaka siku ya janga, na siku hiyo huwezi tena kukibadilisha.

Kuna namba 3 zinazochanganywa hapa kila siku. Ya kwanza ni bei ya soko, yani ukiiuza leo mtu atakupa ngapi. Ya pili ni deni lililobaki benki. Ya tatu ni gharama ya kuijenga upya nyumba ile ile, pale pale, kwa bei za fundi na vifaa za leo. Bima ya jengo inatakiwa isimame juu ya hiyo ya tatu. Hizo mbili nyingine zina kazi zake ila sio hapa.

Bei ya soko ina ardhi ndani yake, na ardhi haiungui. Moto mkubwa wa London wa mwaka 1666 ulikula nyumba zaidi ya 13,000, lakini viwanja vilibaki palepale, na hata ikabidi iundwe mahakama maalum ya kuamua kati ya wenye viwanja na wapangaji wao nani abebe gharama za kujenga tena. Sasa kama umenunua nyumba sehemu yenye viwanja ghali, nusu ya bei uliyolipa inaweza kuwa ni udongo tu, ukikatia bima bei yote unalipia ulinzi wa kitu ambacho hakiwezi kuteketea. Na kinyume chake kipo pia na ndo kibaya zaidi: nyumba ya zamani yenye kuta nene, mbao ngumu na madirisha ya kuchongwa, ipo mtaa ambao wanunuzi hawautaki, inauzwa bei ya kutupa, lakini kuijenga tena kama ilivyo inaweza kufika mara mbili ya bei hiyo. Mwenye nyumba kama hiyo akitumia bei ya soko kama kipimo basi bima yake ni ya nusu nyumba.

Deni la benki ndo mtego mwingine. Benki inataka hela yake irudi, basi, ikishajua kwamba mkopo uliobaki umefunikwa wengi wao hawana shida tena na wewe. Kila mwaka deni linapungua na gharama ya ujenzi inapanda, kwahiyo mtu anaefuata namba ya benki kila mwaka anazidi kubaki uchi bila kujua. Nyumba ikiungua yote benki inalipwa kwanza, wewe unabaki na kiwanja na majivu.

Hesabu yenyewe inavyokwenda

Tuchukue mfano mmoja tuubebe mpaka mwisho, weka pesa ya nchi yoyote unayotaka. Nyumba imenunuliwa kwa milioni 150. Deni limebaki milioni 70. Ukubwa wake ni mita za mraba 120, na mkandarasi wa kueleweka anasema nyumba ya aina hiyo, kwa paa lile na vigae vile, inajengwa kwa laki 8 kwa mita ya mraba. Hapo tayari ni milioni 96, na wengi wanaishia hapo, lakini kabla ya kuweka tofali la kwanza kuna kubomoa kuta zilizobaki na kusomba kifusi, tuseme milioni 5, maana nyumba iliyoungua haijiondoi yenyewe na kifusi chenye bati zilizojikunja na vioo hakibebwi kwa toroli. Kuna mchoraji ramani, mhandisi, mkadiriaji majenzi (anaepiga hesabu za gharama za ujenzi) na vibali vya ujenzi, milioni 8. Halafu uzio, geti, tangi la maji na banda la nje, milioni 9. Jumla milioni 118.

Kwahiyo tuna 150 ya soko, 70 ya benki na 118 ya kujenga, na hakuna inayokaribia nyenzake. Mwenye nyumba akakata bima ya 70 kwa sababu benki ilisema inatosha na premiamu ilikuwa nafuu.

Siku moja moto unaanzia jikoni, unakula jikoni, sebule na sehemu ya paa. Hasara inakadiriwa milioni 40. Yeye anajiambia niko salama, 40 ni ndogo kuliko 70. Hapa ndo watu wanaposhangaa. Mikataba mingi ya bima, hasa kwenye nchi zilizorithi utaratibu wa Uingereza, ina kipengele cha uwiano kinachosema kama umekatia bima sehemu tu ya thamani basi na hasara utalipwa sehemu tu, hata iwe hasara ndogo. Alikatia 70 kati ya 118, ambayo ni kama asilimia 59, kwahiyo kwenye ile 40 atalipwa milioni 23.7 hivi. Milioni 16 na ushee anatafuta mwenyewe. Kampuni haijamdhulumu, inasema wewe ulikuwa unalipa premiamu ya nyumba ndogo kuliko uliyonayo, kwahiyo ile sehemu iliyobaki ulikuwa unajikatia bima mwenyewe.

Marekani utaratibu wao umelegezwa kidogo. Kwenye mikataba mingi ya wenye nyumba kule ukiwa umekatia angalau asilimia 80 ya gharama ya kujenga upya, hasara ya sehemu unalipwa yote bila kukatwa uchakavu, mpaka kiwango chako. Kwa mfano wetu asilimia 80 ni milioni 94.4. Jamaa yetu mwenye 70 hajafika, kwahiyo wanachukua 70 wanagawa kwa 94.4, afu wanazidisha kwa hasara, anapata karibu milioni 30 badala ya 40. Nafuu kidogo ila bado ana shimo la milioni 10. Na watu wanaisoma hii asilimia 80 vibaya sana, wanadhani ni ruhusa ya kukatia 80 na kupumzika. Hapana, hiyo inakukinga kwenye hasara ya sehemu tu. Nyumba ikiteketea yote aliyekatia 80 analipwa 80, ile 20 iliyobaki ni yake.

Vipi kuhusu kukatia zaidi, tuseme 150 nzima ili uwe na amani? Bima inarudisha ulichopoteza, haitajirishi. Ukikatia 150 nyumba inayojengwa kwa 118, kwa kawaida utalipwa gharama halisi tu na ile ziada uliyokuwa unailipia premiamu kila mwaka imepotea. Na kukata bima mbili kwa kampuni mbili haisaidii, zitagawana hasara ile ile moja, na usipowaambia kwamba zipo mbili unaweza kujiletea matatizo mengine.

Namba ya leo sio ya mwakani

Hii ndo sehemu ambayo naona inawaumiza hata watu makini, wale waliofanya hesabu vizuri siku ya kwanza. 118 ni ya leo. Bei za ujenzi zikipanda asilimia 8 kwa mwaka, baada ya miaka 3 nyumba ile ile inajengwa kwa karibu milioni 149, na wewe bado una 118, ambayo sasa ni asilimia 79 tu. Hujafanya kosa lolote, umekaa tu, lakini umeshashuka hata chini ya ile 80 ya Wamarekani. Na asilimia 8 sio kitu cha ajabu, wakati wa korona bei ya mbao za kujengea kule Marekani ilipanda zaidi ya mara 3 mpaka kufikia Mei 2021 halafu ikaporomoka tena, aliyeunguliwa katikati ya kipindi hicho alinunua mbao kwa bei ya kipindi hicho, hakuna wa kumsubiria ishuke.

Kuna na jambo lingine wengi hawaliwazi, kwamba mkataba ni wa mwaka mmoja ila moto unaweza kutokea siku ya mwisho ya mwaka huo, halafu ukadiriaji, mabishano, ramani, vibali na ujenzi vikachukua mwaka na nusu mwingine. Maana yake hela unayoipanga leo inaweza kuja kutumika miaka miwili na nusu mbele. Kwahiyo muulize wakala kama kiwango kinapandishwa chenyewe kila mwaka kufuata bei za ujenzi (mikataba mingi ya siku hizi inafanya hivyo), na kama kinaendelea kupanda hata baada ya janga wakati ujenzi unaendelea. Nyongeza ya kila mwaka inasaidia, ila haijui kwamba umeongeza chumba, umebadilisha paa au umeweka sola, hiyo ni kazi yako kuwaambia.

Tena janga likiwa la eneo zima hesabu inaharibika zaidi. Nyumba moja ikiungua fundi anapatikana kesho, nyumba 1,000 zikiungua siku moja kila mtu anamtafuta fundi yule yule, bei ya saruji na ya kibarua inaruka, na mkandarasi anachagua kazi. Ilitokea jimbo la Colorado, Marekani, tarehe 30 Desemba 2021, moto uliosukumwa na upepo mkali uliingia kwenye mitaa ya kawaida kabisa ya Superior na Louisville, sio nyumba za porini, na ukateketeza nyumba zaidi ya 1,000 kwa muda mfupi sana. Baada ya pale wamiliki wengi waligundua kiwango chao hakifiki gharama ya kujenga, na wengi wao walikuwa wanalipa premiamu bila kukosa miaka yote. Oakland, California, Oktoba 1991, stori ilikuwa ile ile: watu 25 walikufa, nyumba karibu 3,000 ziliteketea, halafu yakafuata mabishano marefu kuhusu viwango.

Ndo maana kuna kitu kinauzwa kama nyongeza, kampuni inakubali kuvuka kiwango chako kwa asilimia fulani, mara nyingi 25, wakati mwingine hata 50, kama gharama ya kujenga imezidi. Kwa mfano wetu 118 pamoja na asilimia 25 inafika milioni 147 na nusu. Kwa maoni yangu kama una hela ya kununua nyongeza moja tu basi nunua hii kabla ya nyingine zote, maana bei yake kawaida ni ndogo ukilinganisha na inachokinga. Kampuni chache zinauza mpaka ahadi ya kujenga upya bila kikomo, ukiipata na masharti yake yanasomeka, ichukue. Ila zote hizi zina sharti: ulitoa taarifa sahihi za nyumba na kiwango cha mwanzo kilikuwa cha kweli. Ukianza na 70 halafu unategemea nyongeza ikuokoe haitokuokoa.

Nyumba za zamani zina jambo lake la ziada. Ilijengwa miaka 40 iliyopita kwa sheria za wakati huo, leo ukitaka kujenga pale pale halmashauri inakwambia nyaya ziwe za aina hii, msingi uwe wa kina hiki, usogee mita kadhaa kutoka barabarani. Bima ya kawaida inalipa kurudisha ulichokuwa nacho, haikulipi kwa ajili ya sheria mpya, au inalipa kidogo sana, kwahiyo kama nyumba yako ni mzee ulizia kipengele cha gharama za kufuata sheria za ujenzi za sasa.

Hizo laki 8 kwa mita utazijuaje? Mkadiriaji majenzi ndo mtu sahihi, anakuja anapima anaandika ripoti, unamlipa mara moja na unaweza kuitumia miaka kadhaa ukiipandisha mwenyewe. Ukishindwa, tafuta wakandarasi wawili watatu waliomaliza nyumba za aina yako hivi karibuni. Kampuni nyingi zina programu ya kompyuta inayokadiria, sio mbaya, ila inakula kilichowekwa, omba kuona ilichojazwa. Mara nyingi utakuta eneo limeandikwa dogo, bafu mbili zimekuwa moja, vigae vya paa vimeandikwa bati. Ukisahihisha hayo matatu tu kiwango kinaweza kubadilika sana.

Kama unakaa kwenye ghorofa la watu wengi, jengo lenyewe kawaida linakatiwa bima na umoja wa wamiliki, wewe unabaki na vya ndani, ila usikisie, omba nakala ya bima ya jengo uone inaishia wapi: ukutani, au mpaka makabati ya jikoni na sakafu.

Vya ndani, pa kukaa, na kesi

Vitu vya ndani watu wanavikadiria kwa macho na macho yanaona tivii, friji na masofa basi. Marekani kampuni nyingi zinaweka tu asilimia 50 mpaka 70 ya kiwango cha jengo, kwa mtu mmoja ni nyingi kwa mwingine hazitoshi. Chukua simu, washa video, ingia chumba kimoja cha kulala ufungue kila kitu huku unaongea. Kitanda, godoro, foronya, mapazia na fimbo zake, taa. Halafu kabati: mashati 15, suruali 8, makoti, pea 6 za viatu, mikanda, begi la safari lenye begi lingine ndani. Droo ya chini ina chaja, saa ya mkononi, miwani ya daktari. Hakuna hata kimoja hapo kinachokutisha bei, ila ukitakiwa kununua vyote wiki moja vikiwa vipya utashangaa chumba hicho kimoja kimekula kiasi gani, na bado hujafika jikoni ambapo makabati ya juu peke yake yana vitu ambavyo umekusanya miaka 10. Video hiyo itume kwenye imeili yako au ihifadhi mtandaoni, ikibaki kwenye simu na simu ikaungua nayo haina maana.

Halafu angalia unalipwaje, kwa bei ya kipya au kwa bei ya kilivyochakaa. Friji ya miaka 8 ambayo kampuni inasema maisha yake ni miaka 10, ukilipwa kwa uchakavu unapewa asilimia 20 ya bei, nenda kaitafute friji kwa hela hiyo. Bima ya bei ya kipya ina premiamu kubwa kidogo na kwa vitu vya ndani naiona inalipa, isipokuwa kama vitu vyako vyote ni vikuukuu na huna mpango wa kununua vipya. Na kuna vikomo vya ndani kwa ndani ambavyo havionekani kwenye ukurasa wa mbele: vito vya dhahabu, pesa taslimu, vifaa vya biashara unavyovitunza nyumbani, hivi vina vikomo vidogo hata kama kiwango cha vya ndani ni kikubwa. Mwenye cherehani 6 sebuleni anashona kibiashara asijidanganye kwamba ni vitu vya nyumbani. Unavitaja kwa majina, unaambatanisha risiti au tathmini, unaongeza hela kidogo.

Gharama za kuishi kwingine wakati nyumba inajengwa zinasahaulika sana. Ni kodi ya nyumba ya kupanga inayofanana na yako, kuhifadhi mizigo iliyookolewa, nauli iliyoongezeka ya watoto kwenda shule. Baadhi ya mikataba inaweka kikomo cha hela, mingine kikomo cha miezi, mingine vyote. Miezi 12 inaonekana mingi ukiwa umekaa umetulia, lakini baada ya janga la eneo zima hata kupata kibali tu kunaweza kula nusu ya muda huo, tafuta 24 kama inapatikana. Na usisahau mkopo wa benki hausimami eti kwa sababu nyumba haipo, utalipa rejesho na kodi kwa pamoja.

Kuhusu dhima, yani mgeni ameteleza kwenye ngazi zako akavunjika nyonga, au mti wako uliooza ameuona kila mtu umeangukia gari la jirani, hapa kipimo sio nyumba tena. Kipimo ni wewe una nini na utakuja kupata nini, maana anaekushtaki anaangalia mali zako na mshahara wako wa miaka ijayo. Jumlisha mali zako zote toa madeni, kiwango cha dhima kisiwe chini ya hapo. Uzuri ni kwamba kupandisha dhima mara mbili au tatu huwa hakupandishi premiamu kwa kasi hiyo, ni sehemu mojawapo ambayo ulinzi mkubwa unapatikana kwa bei ndogo, na mwenye mali nyingi anaweza kuongeza bima ya mwavuli, yani ya dhima inayokaa juu ya hii na ya gari na kuanza kulipa pale hizo zinapoishia.

Pa kupunguzia ni ekses

Sasa mtu atasema hivi vyote nikinunua nitafilisika kabla hata ya moto. Sawa, na hapo ndo ekses inapoingia, kile kiasi cha kwanza cha kila hasara unachobeba mwenyewe. Ukitaka premiamu ishuke, pandisha ekses, usishushe kiwango. Kioo kilichovunjika na bomba la sinki unaweza kulipa mwenyewe ukanuna siku mbili ukasahau. Milioni 118 huwezi. Bima inunuliwe kwa ajili ya kile usichoweza.

Jinsi ya kupima: tuseme ukipandisha ekses kutoka milioni 1 kwenda 2 premiamu inashuka laki 1 kwa mwaka. Ile milioni moja ya ziada inarudi baada ya miaka 10 bila madai. Kama nyumba yako kihistoria inakupa hasara mara moja kila miaka 4, usipandishe, kama haijawahi, pandisha, na hiyo laki iweke pembeni kwa kazi hiyo hiyo. Kikomo chake ni kimoja, usiweke ekses ambayo huwezi kuitoa ndani ya wiki moja bila kukopa. Na madai madogo madogo yana bei yake, kampuni nyingi zinakunyang'anya punguzo au zinakupandishia mwaka unaofuata, kwahiyo hata ukiwa na ekses ndogo mara nyingi hutoitumia.

Angalia tu kama ekses imeandikwa kwa asilimia. Baada ya kimbunga Andrew kilichopiga Florida Agosti 1992 na kufilisi kampuni kadhaa za bima, ekses za asilimia kwa ajili ya vimbunga zilisambaa kule. Asilimia 5 inasikika ndogo, ila ni asilimia 5 ya kiwango cha bima sio ya hasara. Kwa nyumba yetu ya 118 hiyo ni milioni 5.9, upepo ukiezua paa kwa hasara ya milioni 7 kampuni inakupa milioni 1 na laki 1.

Na kuna hasara ambazo kiwango kikubwa hakizigusi kabisa kwa sababu hazimo. Mafuriko na tetemeko ndo vinaongoza. Marekani bima ya kawaida ya nyumba haina mafuriko, ndo maana serikali yao ilianzisha mpango wake mwaka 1968, nao una kikomo cha dola 250,000 kwa jengo la makazi ya familia na 100,000 kwa vya ndani, na kwa kawaida unaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununua, kwahiyo kukimbilia kuununua ukishaona wingu ni kuchelewa. California baada ya tetemeko la Northridge la Januari 1994 kampuni nyingi zilianza kuikimbia bima ya nyumba, mwaka 1996 ikabidi jimbo lianzishe chombo maalum cha bima ya tetemeko. Sehemu nyingine mafuriko yamo ndani ya mkataba au unayaongeza kwa hela kidogo, inategemea, soma wako. Mchwa, unyevu wa miaka na paa lililooza taratibu havilipwi karibu kokote, bomba lililopasuka ghafla linalipwa, lililovuja kidogo kidogo miezi 8 unaangalia tu halilipwi. Na nyumba ikikaa tupu siku 30 au 60 mfululizo, kutegemea na mkataba, baadhi ya ulinzi unazimika, waulize kabla ya safari ndefu.

Ukimaliza hesabu yako iandike kwenye karatasi moja: jengo ngapi, nyongeza asilimia ngapi, vya ndani ngapi na kwa bei ya kipya au la, miezi mingapi ya kupanga, dhima ngapi, ekses ngapi. Peleka karatasi hiyo hiyo kwa kampuni 3, zijaze bei juu ya vitu vile vile, maana bila hivyo ile ya bei rahisi huwa ni rahisi kwa sababu imekata kitu ambacho hujakiona. Kisha waulize kwa maandishi, nyumba ikiteketea yote leo mtalipa mpaka ngapi, na ikiungua theluthi moja mtalipaje, kuna kipengele cha uwiano au hakuna? Jibu lije kwa imeili, na ihifadhi pale pale ulipohifadhi ile video ya vitu vya ndani.